Siku Mashine Haikuuliza

Siku hiyo bado naiona, mwanangu, kana kwamba ni ya wiki jana. Ukinikuta nimenyamaza mbele ya kompyuta, mkono uko hewani juu ya kibodi, ujue nimerudi huko. Ilikuwa Alhamisi, saa tisa alasiri, Kabalagala, ghorofa ya tatu, juu ya baa iliyoanza muziki mapema kuliko baa zote za mtaa ule. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilijiona fundi kupita mafundi wote wa Kampala. Lakini ngoja kwanza nikueleze kwa nini nakuandikia.

Jana ulikuja mezani kwangu hapa ofisini Nakawa, flashi mkononi. Ukasema, "Mama Lanyero, nipe ile faili yako ya vifupisho, na mimi niwe na spidi kama yako." Nikakujibu ungoje kidogo. Nadhani uliona nakunyima. Sikunyimi, wewe ni mtoto mzuri, unasalimia watu kabla ya kuwasha mashine, na siku hizi hilo ni jambo la kushukuru. Ila ulipoisoma faili ile kwenye skrini yangu ulicheka. Ukanyoosha kidole ukauliza, "Na huyu Adongo ni nani? Kifupisho gani kinaitwa Adongo?" Mimi nikajifanya simu inanisumbua. Leo nakujibu, na nakujibu kwa maandishi kwa sababu nikilisema jambo hili kwa mdomo sauti inanikatikia katikati.

Wewe unajua kifupisho ni nini, lakini nataka hata mama yako akiisoma barua hii aelewe. Kazi yetu sisi ni kuiandikia mashine amri, neno kwa neno, kwenye skrini nyeusi. Amri nyingine ni ndefu kama barua ya kuomba kazi. Basi unaiambia mashine mapema: nikiandika herufi hii moja, wewe elewa amri ile ndefu yote. Nyinyi vijana mnaita alias, mimi naita kifupisho, ni kitu kilekile. Ukiwa navyo thelathini au arobaini, watu wanakutazama kama mpiga kinanda. Ni kitu kizuri kabisa na sikuandikii ili uache kukitumia.

Sasa turudi Kabalagala. Kile kituo cha redio kilikuwa kidogo na kimeshafungwa siku nyingi, jina lake halina kazi hapa. Tulitangaza kwa Kiswahili, na wasikilizaji wetu wengi walikuwa watu wa kambini, askari na polisi na wake zao, pamoja na Wakenya wa madukani na Wakongo wauza vitenge. Mimi mwenyewe ni mtoto wa kambi. Baba yangu alitoka kaskazini na bunduki, mama yangu alitoka kwingine na sufuria, na Kiswahili ndicho kilichowaozesha. Nilipopata kazi pale ya kushughulikia mitambo nilihisi nimeingia nyumbani.

Jumapili tulikuwa na kipindi cha salamu. Mtu anapanda zile ngazi, anakaa mbele ya maikrofoni, anawasalimia watu wa kwao. Wengine walikuwa hawajafika kwao kwa miaka. Mimi nilikuwa upande wa pili wa kioo, narekodi, na mara nyingi, nikwambie ukweli, sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nachezea vifupisho vyangu.

Mkubwa wangu wa kazi aliitwa Mzee Barasa, Mkenya wa Bungoma, mtu wa kanisa, shati limenyooshwa kila siku, peni mbili mfukoni. Alikuwa amekaa Kampala miaka mingi kuliko umri wangu na bado alikataa matoke, zile ndizi za kupondwa, anasema hicho ni chakula cha mgonjwa. Alikuwa mpole sana mpaka siku atakapotafuta waya wake akaukuta kwako. Ndiye aliyenifundisha mashine. Alinifundisha vizuri, isipokuwa kitu kimoja, na hicho utakiona.

Jumatatu ya wiki ile alipanda ngazi mwanamke mwembamba, mtoto mgongoni, jasho linamtoka. Huyo ndiye Adongo. Mume wake, Konstebo Ogwang, alikuwa amekuja kwenye kipindi chetu cha salamu mwaka mmoja nyuma, wakati Adongo ana mimba. Miezi miwili baadaye gari la kazi lilipinduka na Ogwang akafa pale pale barabarani. Mtoto akazaliwa bila baba, msichana, akaitwa Atim. Sasa matanga ya mwisho yalikuwa yamepangwa huko kwao Lira, na Adongo alikuwa anasafiri Jumamosi.

"Dada," aliniambia, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini nilichokulia, "mimi sina hata picha moja yake mzuri. Iko ile ya kitambulisho tu, amekunja sura kama mtu wameibia kuku yake. Lakini nyinyi muko na sauti yake. Nataka huyu mtoto akikua asikie baba yake."

Nikaitafuta ile rekodi palepale. Ilikuwepo, dakika nne na kidogo. Nikaifungua, na chumba chote kikasikia mwanamume anakohoa, halafu anasema, "Haloo? Haloo? Hii kitu inashika?" Adongo akaweka kiganja mdomoni. Akaniashiria nizime. Akasema hataki kuisikia hapa, atalia aanguke na mtoto kwenye ngazi, anataka kuisikia nyumbani mbele ya watu wa Ogwang, yote, kutoka mwanzo. Mashine yetu ya zamani ilikuwa mbovu, haikuweza kuandika CD, lakini mpya ilikuwa inakuja Jumatano. Nikamwambia, "Dada, njoo Ijumaa, utaikuta." Nilisema hivyo huku natafuna pipi.

Mashine mpya ikaja Jumatano kweli. Mzee Barasa akahamisha kila kitu kutoka ya zamani, na tulifanya vizuri kuharakisha, kwa sababu Alhamisi asubuhi ile ya zamani ilitoa mlio kama mtu anasaga meno, ikazima, haikuwaka tena. Kanda zenyewe za kipindi hatukuwa nazo. Kituo maskini hakiwi na kanda za kuhifadhi, tulikuwa tunarekodi juu ya zilezile kila Jumapili. Kwa hiyo salamu zote za miaka mitatu, mamia ya watu, zilikuwa mahali pamoja tu duniani. Na humo ndani alikuwemo Ogwang.

Saa nane na nusu Mzee Barasa akavaa koti. "Naenda mjini kununua CD. Ile folda ya salamu ina takataka nyingi, rekodi tupu, rekodi zilizojirudia. Sikiliza moja moja, zisizo na kitu uzifute. Nikirudi tuandike CD zote, na ya yule mama iwe ya kwanza."

Nikaitikia vizuri. Lakini moyoni nikasema, mzee huyu, kusikiliza moja moja mpaka lini? Nikapanga akirudi anikute nimemaliza, nimekaa, miguu juu ya kiti. Nilipenda sana ashangae.

Sasa sikiliza hapa polepole, mwanangu, maana kosa lenyewe liko hapa, na ni kosa ambalo wewe pia unaweza kulifanya kesho asubuhi. Kwenye mashine ile ya zamani, kila nilipofuta kitu, mashine iliniuliza: unataka kufuta faili hii? Najibu ndiyo au hapana. Ikaniuliza ya pili, ikaniuliza ya tatu. Mimi nikazoea. Nikazoea mpaka nikaacha kuchagua vitu vya kufuta. Niliiambia futa vyote vilivyomo, halafu nikawa nachagua kwa kujibu. Hii hapana, hii hapana, hii ndiyo. Nilikuwa nimejitengenezea kifupisho cha kufuta, herufi moja tu, f. Naandika f, naweka nyota ya kumaanisha vyote, nabonyeza, halafu maswali yanaanza kuja na vidole vyangu vinacheza kati ya herufi mbili. Watangazaji walikuja kunitazama, wanasema banange, jamani, huyu msichana. Nikavimba kichwa.

Kwenye mashine mpya nilikuwa nimehamisha faili yangu ya vifupisho Jumatano ileile. Vyote vilifanya kazi. Nilijihisi nimehama chumba na kitanda changu.

Basi nikaingia kwenye folda ya salamu. Nikaandika f, nafasi, nyota. Nikabonyeza. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya herufi ya hapana.

Mashine haikuuliza.

Ilinyamaza kidogo, muda wa mtu kumeza mate, halafu ikanirudishia mstari mtupu, inangoja amri nyingine. Kidole changu kikabonyeza hapana kwa mazoea yake chenyewe. Ile herufi ikakaa pale peke yake kwenye skrini, na nikaitazama bila kuelewa. Nikaomba niorodheshewe vilivyomo kwenye folda. Hakukuwa na kitu. Nikaomba tena, nikidhani nimekosea mahali. Hakuna kitu. Huko chini baa ilikuwa imeanza muziki wake na watu wanacheka. Nilitamani ardhi inimeze, lakini nilikuwa ghorofa ya tatu.

Mzee Barasa aliporudi na mfuko wake wa CD alinikuta nimekaa sakafuni. Alinitazama mimi, akatazama skrini, akaweka mfuko chini taratibu. Hakupiga kelele. Alichomoa waya wa umeme wa mashine ukutani, kwa mkono, bila kuizima, ili isiandike kitu kingine juu ya vilivyofutwa. Kisha akavua koti lake. Alasiri ile yote na kesho yake kuanzia alfajiri alijaribu kuchimbua vilivyopotea. Alipata vipande. Kwaya nusu, tangazo la sabuni, mwanamke anasema mama halafu mkwaruzo. Ogwang hakupatikana.

Ijumaa saa tatu asubuhi nilimwambia, "Mzee, tumwambie mashine iliharibika. Si ya zamani iliharibika kweli? Yeye hajui."

Alikuwa anafuta miwani.

"Lanyero," akasema, "mashine haikuharibika. Ilifanya ulichoiambia. Ukimdanganya mama yule leo, utamwibia mume wake mara ya pili." Akavaa miwani yake. "Na mimi nina langu la kusema. Unajua yale maswali yalikuwa yanatoka wapi?"

Nikamwambia yanatoka kwenye amri yenyewe, ndivyo ilivyo.

"Sivyo ilivyo. Amri ya kufuta haiulizi mtu. Tangu izaliwe haijawahi kuuliza. Yule aliyekuwa anakuuliza ni mimi. Ulipoanza kazi niliona mkono wako una papara, nikaweka kifupisho changu kwenye mashine ile, pale juu, pa watumiaji wote. Jina nikaliacha lilelile la kufuta, ila ndani nikaongeza kuuliza; kila f yako ilipoita kufuta, ilipita kwangu kwanza. Sikukuambia. Niliona nikikuambia utakiondoa. Sasa vyako vimehama na wewe, changu kimebaki kwenye mashine iliyokufa, na mimi juzi sikukikumbuka. Nilikulinda bila kukufundisha, binti yangu. Hilo ni kosa langu, na nitalibeba."

Mwanangu, nilishawahi kugombezwa na baba yangu, na baba yangu alikuwa sajini. Hakuna siku niliyoumia kama siku ile mzee yule alipojigombeza mwenyewe mbele yangu. Nililia kwa sauti. Akaningoja nimalize, akanipa leso yake, nayo ilikuwa imepigwa pasi.

"Sasa osha uso," akasema. "Yule mama asipande ngazi hizi na mtoto mgongoni kuja kuambiwa hakuna. Tunamfuata sisi."

Tukachukua boda mbili mpaka upande wa Nakawa, kwenye kambi walikokuwa wakikaa. Adongo alikuwa nje ya chumba chake anakunja nguo za safari, mtoto amekaa kwenye mkeka anatafuna kifuniko cha chupa. Aliponiona alifurahi. Hicho ndicho sitasahau, kwamba alifurahi. Akasema, "Eh, mumeniletea mpaka nyumbani!" Akaanza kupangusa kiti.

Nikamwomba Mungu Mzee Barasa aseme. Mzee Barasa akasimama kando yangu, mikono nyuma, hakufungua mdomo. Nikasema mwenyewe. Nikasema nimeifuta. Nikasema haikuharibika, ni mimi, nilikuwa nataka kumaliza haraka, na haitapatikana tena. Kisha mzee akasema sehemu yake, maneno machache, kwamba kuna kinga aliyoiweka kwa siri na hakunieleza, na kwamba yeye ndiye mkubwa.

Adongo hakulia. Alikaa kwenye kile kiti alichokuwa ametupangusia sisi. Nguo moja ya mtoto ilikuwa bado mkononi na aliendelea kuikunja, akaikunja mpaka ikawa kitu kidogo kama sabuni. Mwishowe akaniuliza, "Wewe ulikuwa pale siku alisema?"

"Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyerekodi."

"Basi niambie. Alisema nini?"

Mwanangu, dakika nne. Nilikuwa nyuma ya kioo, mita mbili kutoka kwa yule mtu, na vipokea sauti masikioni. Ningeweza kuwa nimeshika kila neno. Lakini siku ile nilikuwa najaribu kifupisho kipya. Nikakusanya nilichonacho. Nikamwambia aliwasalimia wazazi wake, akamtaja kaka yake mmoja jina sikulishika. Nikamwambia alisema mke wake anakula udongo kama ng'ombe kwa sababu ya mimba, na watu studio wakacheka.

"Na yeye? Alicheka?"

"Alicheka."

"Alicheka vipi?"

Sikuweza kumjibu. Hapo ndipo Adongo alipolia, na mtoto akamwona mama yake akaanza kulia naye, na Mzee Barasa akavua kofia akatazama chini. Sisi sote wanne tulikuwa pale nje, majirani wanachungulia.

Alisafiri Jumamosi bila kitu. Hakunitukana wala hakwenda kunishtaki kwa wenye kituo. Aliporudi Kampala baada ya miezi, alinitumia ujumbe kwa mtangazaji wetu mmoja: mwambie yule dada asiache kukumbuka, Atim akikua nitamleta. Alitimiza. Atim alikuwa na miaka tisa, sare ya shule, soksi nyeupe. Akakaa mbele yangu akasema, "Aunti, mama anasema wewe ulisikia baba." Nikamsimulia ule udongo, akacheka sana. Alipofika miaka kumi na sita alikuja tena, peke yake, akataka kujua zaidi, na sikuwa na zaidi. Siku hizi ni mwanamke mzima, ana watoto wake, na bado huja. Na mimi nikwambie kitu ambacho sijamwambia yeye: sijui tena kama namkumbuka Ogwang au nakumbuka nilivyosimulia mara ya kwanza. Kile kikohozi tu ndicho bado nina hakika nacho, na lile swali lake la kuuliza kama hii kitu inashika.

Basi huyo ndiye Adongo uliyemcheka jana. Sikulaumu, hukujua. Wiki ileile aliyosafiri nilifuta kile kifupisho changu cha herufi moja, nikatengeneza kingine. Ndicho ulichokiona kwenye skrini yangu, kimeandikwa hivi:

alias adongo='mv -v --backup=numbered -t ~/ngojea'

Hakifuti kitu. Kinahamisha kwenye folda ya kungojea, kinanitajia kila kitu kinachohamishwa kwa jina lake, na kikikuta kingine chenye jina hilohilo hakikikanyagi. Vinakaa humo mwezi mzima. Mwezi ukiisha naingia mwenyewe, navisoma, na kama ni sauti navisikiliza mpaka mwisho. Ndipo nafuta, kwa amri yenyewe, nimeiandika kamili. Kwa hiyo tangu siku ile, kila ninapotaka kitu kiondoke machoni pangu, lazima kwanza niandike jina la mwanamke yule kwa vidole vyangu. Ni herufi sita. Wenzangu wananiuliza kwa nini nisikifupishe.

Sasa nakuambia ninachotaka ushike. Jitengenezee vifupisho vingi upendavyo, vya kuingia kwenye folda, vya kutazama mashine zinaendeleaje, vya kurudia amri ndefu uliyoichoka. Lakini usichukue jina la amri ya zamani ukaliviringishia kitu kingine ndani. Kifupisho chako kipe jina lake mwenyewe, lisilokuwepo mahali pengine, ili siku ukikaa kwenye mashine ya mtu mwingine ukaliandika, mashine ikuambie haikijui. Mashine ikisema sikijui, hakuna aliyekufa. Na kabla ya kuamini chochote kwenye mashine ngeni, iulize. Andika alias peke yake, itakuonyesha vyote vilivyowekwa. Andika type na jina la amri, itakuambia ndani yake kuna nini. Mimi sikuwahi kuuliza hata mara moja. Miaka miwili niliishi na ulinzi wa mtu mwingine nikidhani ni tabia ya dunia.

Kuchagua ufanye kabla, kwa macho yako. Orodhesha kwanza, soma majina, halafu ndipo uamuru. Usiifanye mashine iwe ndiyo inayokukumbusha kufikiri, kwa sababu ipo siku utakaa mbele ya isiyokumbusha. Kitu ambacho kipo mahali pamoja tu, usikiguse mpaka kiwe mahali pawili, hata bosi akisimama mlangoni anagonga saa yake. Na siku utakapokuwa mkubwa wa wengine, na hiyo siku inakuja upesi kuliko unavyodhani, usiwawekee vijana wako kinga za siri. Waite, waonyeshe, waandikie maelezo pembeni. Wakiziondoa kwa ukaidi wao, angalau watajua wameondoa nini. Mzee Barasa aliondoka duniani akiwa na jambo hili moyoni. Nilipomtembelea mara ya mwisho, alikuwa amelazwa, na bado aliniuliza kama Atim anaendelea kuja.

Jambo la mwisho halihusu kibodi. Mtu akiongea mbele yako, sikiliza. Acha kilicho mkononi. Hujui kama ni wewe utakayekuja kuulizwa alicheka vipi.

Faili sitakupa kwa flashi. Njoo kesho saa nne, lete kiti chako, nitakusomea mstari mmoja mmoja na wewe utaandika kwa mkono wako kwenye mashine yako. Usichokielewa hukiandiki. Tukifika kwenye ule mstari wa Adongo, hutauandika. Huo ni wangu. Wewe tengeneza kama huo, uupe jina la mtu ambaye hungependa kumfuata nyumbani kwake na habari kama ile.

Mungu akulinde, mwanangu, wewe na vidole vyako vyepesi. Akupe wakubwa watakaokwambia ukweli wakiwa wamesimama kando yako, na akupe ujasiri wa kufungua mdomo wewe mwenyewe siku itakapokupasa. Kila utakachokabidhiwa cha watu ukikute salama asubuhi. Na watu unaowapenda wakae sana, waongee sana, nawe uwepo uwasikie.

Wako,
Mama Lanyero